Mkokoto wa Sita

Januari, Ghuba ya Chesapeake,
maji yana rangi ya bati.
Nahodha Elwood Dize amevunja barafu ya gatini kwa pondo,
kanusa hewa, kasema hii ni baridi ya kung'oa meno,
na yeye amebakiwa na manne tu.

Chini yetu kaa wamekaa.
Kila mmoja ni kaa la moto lililofukiwa jivuni:
halizimi, haliwaki,
lasubiri Aprili.

Kazi yetu ni kujua wako wangapi.
Ghuba nzima, toka vinywa vya mito hadi bahari kuu,
nasi tuna reki moja ya chuma, mfuko wa wavu nyuma yake,
na dakika moja kwa kila kituo.
Ramani imejaa nukta kana kwamba mtu kamwaga mtama,
akaambiwa aokote.

Reki inapanda, inachuruzika tope.
Delphine Pinkett anachambua: chaza mfu, kopo la bia, kaa wanane
walioingiwa na ganzi hata gando halina hamu ya ugomvi.
Anawageuza chali. Tumbo ndilo linalosema:
la jike kuba, la dume mnara.
Anapima gamba ncha hadi ncha, ananitajia, naandika
kwa penseli, maana wino huganda.

"Wanane hawa," nahodha anauliza, "wanasimamia wangapi?"
"Mpishi huonja kijiko kimoja," Delphine anamjibu,
"hamalizi sufuria."
"Mpishi hukoroga kwanza."

Na ghuba hii nani kaikoroga?

Ndiyo maana leo tumekuja na maboya mawili.
Kati yake mita mia za tope.
Tutakokota palepale, palepale, mara sita,
tujue reki inapitwa na wangapi,
kwa kuwa hesabu haianzi na ulichokishika.
Inaanza na kilichokuponyoka.

Wa kwanza: ishirini na watatu.
Wa pili: kumi na wanne.
Wa tatu, tisa. Wa nne, sita, mmoja wao hana gando.
Wa tano: tope tupu, na kiatu cha mtoto.

"Wamekwisha," nahodha anasema, mkono tayari kwenye usukani.
"Twende tukanywe kahawa."
"Bado mmoja," anasema Delphine.
Alimaanisha mkokoto.

Wa sita:
mmoja. Jike. Milimita mia na thelathini na mbili.

Hakuna aliyecheka.
Nahodha alivua glovu akampokea kiganjani,
akakaa naye muda kuliko ilivyohitajika.
"Mama yangu," alisema, "alichambua nyama ya kaa miaka arobaini
pale Crisfield, akilipwa kwa ratili.
Daftari la bosi lina ratili zake zote, hakuna hata moja iliyopotea.
Jina lake wamelikosea."

Kisha akaenda upande wa pili wa boti
akamrudisha majini, mbali na maboya,
asije akahesabiwa tena.

Ripoti itatoka na maua.
Itasema milioni mia mbili na thelathini,
na chini, kwa herufi ndogo:
pengine mia na themanini, pengine mia tatu.
Wanunuzi watasoma herufi kubwa.
Wavuvi, kwenye pampu ya dizeli, watauliza
kati ya hizo tatu, kaa ni ipi?
Sina jibu la kuwapa.
Makadirio na kadari ni watoto wa tumbo moja,
ila huyu wa pili
haonyeshi karatasi zake.

Mimi zangu ninazo. Zimekunjamana kwa chumvi.
Mkokoto wa tano, safu ya idadi: sifuri,
kama kanuni inavyotaka.
Na pembeni, pasipodaiwa kitu,
kwa penseli, kwa vidole vilivyokufa ganzi:
alikuwepo.